Gari Lililosubiri Barabara

Tangu Polycarpe amuoe dada yangu Adolphine, mimi naye tulikuwa watu wa kutaniana, kama ilivyo desturi ya mashemeji. Utani wangu mkubwa ulikuwa mmoja. Nikiingia kwao nilimsalimu, kisha nikamuuliza mke mwenza wa dada yangu ameamkaje. Mtaa wetu mzima wa Musonoi ulijua ninamsema nani. Mke mwenza alikaa nyuma ya nyumba chini ya turubai: gari jekundu la milango miwili, fupi, limetengenezwa Italia kwa ajili ya mbio, na kutoka nje lilitoka kwa nadra zaidi kuliko mwali aliyewekwa ndani.

Lilikuwa la mhandisi mmoja Mzungu. Miaka ile ya vurugu, wageni walipokuwa wakifunga masanduku, Polycarpe alikuwa fundi umeme wa mashine za mgodini, na gari lile alikuwa amelikodolea macho muda mrefu. Ili alipate aliuza friza ya Adolphine, ile iliyompa dada yangu riziki ya sukre baridi, yaani soda, na barafu za watoto wa shule. Usidhani alimnyang'anya. Dada yangu alikubali mwenyewe, ila aliweka sharti: siku moja mumewe amketishe kiti cha mbele, ampeleke kanisani, watu wamwone akishuka. Polycarpe akaapa.

Basi akaanza kusubiri barabara. Gari lile tumbo lake lilikuwa chini, na njia za kwetu zina mashimo ya kumeza mbuzi. "Batengeneze barabara kwanza," alisema. Barabara kuu ilipotiwa lami, yakaja malori ya shaba, marefu, mengi, yenye madereva wasiolala. "Malori ipunguke kwanza." Njia ya kutoka kwao hadi kanisani haikuguswa na mtu, ikabaki vilevile, kila masika mbaya zaidi. Mwaka mpya ukiingia alilitembeza gari hadi langoni na kulirudisha, peke yake, maana uzito wa mtu wa pili ungelishusha. Adolphine alisimama mlangoni akapiga makofi. Mimi nilikuwa nikikasirika kwa niaba yake, kwa sababu yeye hakujua kukasirika.

Lakini kulitunza, lo! Kila Jumamosi turubai lilitolewa, injini ikawashwa ikanguruma mpaka kuku wakakimbilia kwa jirani, kisha likaoshwa. Vumbi la migodi huingia hata ndani ya sahani iliyofunikwa, na Polycarpe alisema vumbi baya ni lile la chini lisiloonekana. Kwa hiyo alimwaga maji juu, chini, na ndani pia, hadi mazulia yakalowa. Halafu akalifunika tena.

Aliyemchotea maji hayo alikuwa Adolphine. Maji ya bomba huja kidogo alfajiri, nayo ni ya kupikia. Ya kuoshea yalitoka katika kisima cha lupango lao wenyewe, yaani kiwanja cha nyumba, hatua chache kutoka jikoni. Maji yale hakuna aliyeyanywa. Maharagwe yalikataa kuiva ndani yake. Yaliacha mstari wa kijani kwenye beseni, na ndoo ya bati ikizoea kisima kile haimalizi mwaka bila kutoboka kitako. Hayo tuliyajua wote, tukanunua ndoo za plastiki, tukaendelea na maisha yetu. Jumamosi baada ya Jumamosi dada yangu alibeba ndoo, mumewe akamwaga, nami nikakaa kwenye kigoda nikiwacheka.

Mwaka jana moyo wa Adolphine ulianza kuchoka. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, na kutoka kitandani hadi mlangoni alihitaji kupumzika njiani. Wakati huohuo parokia ikatangaza misa ya yubile kwa wanandoa waliotimiza miaka arobaini. Huwa ni sherehe kubwa kwetu: magari yenye riboni, honi, akina mama wakitandika vitenge chini ili wanandoa wasikanyage vumbi. Tulimuuliza mgonjwa anataka nini siku hiyo.

"Mi sitake kitenge ya mupya, sitake na keki," alisema. "Nataka tu Tata Abigaëlle anipeleke ku kanisa na ile motoka. Mara moya tu."

Abigaëlle ni binti yao wa pekee, anaishi Lubumbashi. Tata Abigaëlle, yaani Polycarpe, aliinamisha kichwa, akakubali. Nilimwona akifuta macho. Siwezi kusema hakumpenda mke wake. Laiti ningeweza kusema hivyo, hadithi hii ingekuwa nyepesi kwangu.

Jumapili ile gari liliwaka mara moja. Lilikuwa zuri, nakubali, limevikwa riboni nyeupe puani. Majirani wakatandika vitenge kutoka mlangoni hadi lilipo, na vigelegele vikaanza. Adolphine alitoka kwa gauni jeupe na viatu vyeupe, amenishika begani, akitabasamu na kuhema. Tukamketisha kiti cha mbele taratibu. Wala hakuwa na uzito tena, ugonjwa ulishachukua nusu yake. Tukasikia kitu kikikatika kama kuni kavu. Kiti kikazama upande mmoja, na viatu vyeupe vikapita sakafuni vikagusa ardhi.

Vigelegele vilinyamaza. Niliinua zulia. Bati la chini lilikuwa limekuwa makapi, unalivunja kwa vidole, na pembeni mwa zulia kulikuwa na mstari wa kijani niliokuwa nikiusugua kwenye beseni tangu ujana wangu. Nilimtazama Polycarpe. Alikuwa anaitazama ndoo ya plastiki pale ukutani.

Jirani yao Kalombo, mchomeleaji wa vyuma, alikwenda mbio kwake akarudi na ubao. "Tata Polycarpe, tutie hii chini ya kiti. Kanisa iko karibu. Wende polepole, itafika."

Polycarpe alipiga magoti, akapapasa chini ya gari kwa muda mrefu. "Hapana," alisema. "Ikiingia mu shimo moya tu, itavunjika mu katikati. Niitengeneze kwanza. Yubile tutafanya ku Pasaka."

"Pasaka?" nilimfokea shemeji. "Mulamu, uko unaona muntu, ao unaona mabati tu?"

Adolphine hakufoka. Alikuwa bado ameketi upande, miguu chini, mkono mmoja ameshika mlango. "Endesha tu, Tata Abigaëlle," alimwambia. "Ikivunjika, ivunjike na miye ndani."

Kengele ya kanisa ilianza kulia. Polycarpe alisimama na ufunguo mkononi. Kwa kitambo kidogo niliamini ataingia. Kisha akautia ufunguo mfukoni.

Nilipiga simu kuita teksi. Dada yangu alinishika mkono. "Acha, Kabedi. Nirudishe ku kitanda." Nilimbembeleza, nikamwambia misa ni misa, Mungu hatazami umekuja na nini. Akajiegemeza begani pangu. Tulipita tena juu ya vitenge vilevile, tukielekea ndani.

Pasaka hakuiona.

Siku ya mazishi Abigaëlle alikuwa amekodi gari la kubebea jeneza, na sisi waombolezaji tukapanda lori nyuma yake. Tulipokuwa tunaanza kuondoka nikasikia ngurumo ninayoijua. Polycarpe alikuwa amelitoa gari lake, peke yake, bila riboni, bila kuliosha. Ubao wa Kalombo alikuwa ameupachika chini ya kiti cha mbele. Akatufuata.

Njia ya makaburini ni mbaya mara mbili kuliko ya kanisani. Nilikaa nyuma kabisa ya lori, na safari nzima nililitazama gari lile. Mungu anisamehe, nilikuwa ninaomba livunjike. Kila shimo nililoliona nilisema moyoni: hapa, hapa ndipo. Kama lingevunjika, basi mume alisema kweli, na dada yangu hakukosa kitu. Liliingia mashimoni, likakwaruza tumbo, likainuka. Lilipita kwenye mtaro wa maji ambao lori letu lenyewe lilisita kuuvuka. Likaja tu, jekundu, limejaa vumbi, kiti cha mbele kitupu juu ya ubao wake.

Lilifika.

Polycarpe alizima injini, hakushuka. Nilimfuata, nikafungua mlango. Mkono wake ulikuwa juu ya kile kiti.

"Mulamu," alisema, "imefika."

Nilimwinua kwa mkono, tukaenda kumzika dada yangu.