Ghala la Sisimizi

Wanaume wa kijiji, pale nje kidogo ya Garsen, walimcheka Barwako msimu mzima, na Mungu awasamehe, sababu walikuwa nayo. Mjane huyu wa Kiorma alikuwa ameomba uwanja wa ndama auoteshe nyasi, uwanja uliokauka mpaka chumvi ikatanda juu ya udongo. Akaenda Idsowe, kando ya mto, akachuma mbegu za nyasi zilizostawi, akazipanda. Haikuota hata moja!

Rebecca, afisa wa mifugo, ndiye aliyemweleza. Nyasi hizo ni jamii kubwa, wataalamu huiita Sporobolus. Ziko zinazopenda ukingo wa mto, ziko za mchangani, na ziko za ardhi ya chumvi. "Ni ndugu, mama, lakini kila mmoja na kwake." Barwako akajipiga paji la uso. Yeye, aliyejenga nyumba za nyasi tangu usichana wake, kakosea hivyo!

Shemeji yake Dukicha, mwenyekiti wa malisho, hakumwonea huruma. "Mvua ijayo isipootesha kitu, shemeji, uzio wa uwanja huo nauvunja. Ng'ombe wa maziwa wahamie mbali huko Nanighi, waliko wenzao." Hapo moyo ukamuuma kwelikweli. Maziwa yakienda, watoto wa kijiji wanywe nini, chai ya rangi?

Lakini mbegu za ardhi ya chumvi angezitoa wapi, na mbuzi wameshaguguna mpaka mizizi? Akamkumbuka bibi yake, aliyekuwa akichimba mashimo ya sisimizi wakati wa njaa kutafuta nafaka. Ehee! Sisimizi haendi mbali. Alichoweka ghalani kimeota papo hapo. Barwako akachimba siku nne, sisimizi wakimng'ata mpaka vidole vikavimba. Kila shimo alichota nusu, nusu akawaachia, kama alivyofunzwa. "Nitawarudishia," akawaambia, na hakuona haya kusema na wadudu.

Akazipanda mbegu zile uwanjani, na mvua ikaja ya kubahatisha, siku tisa tu. Baada ya wiki akainama uwanjani. Kijani! Nyembamba kama nyusi za mtoto mchanga, lakini kijani. Akapiga vigelegele peke yake, majirani wakadhani kuna harusi.

Miezi miwili baadaye nyasi zilimfika magotini, ndama wameshiba, maziwa yapo. Dukicha akaja na gunia tupu, akikohoakohoa. "Shemeji, mbegu kidogo, za uwanja wa pili."

"Utapata, tena tele. Kwanza nifuate." Akampa kibuyu cha mbegu, akampeleka kwenye shimo la sisimizi, kijiji kizima nyuma yao. "Piga magoti. Warudishie wenyewe."

Mwenyekiti, kofia yake kichwani, akapiga magoti, akamwaga mbegu konzi kwa konzi. Mara akaruka. "Wallahi wananing'ata!"

"Vumilia, shemeji," akasema Barwako. "Mimi walining'ata siku nne, nanyi mkicheka."