Kiti cha Bibi Arusi

Walpurga, mjakazi mzee wa jumba la kifalme la Viena, alikuwa amechoka na bibi arusi mgeni. Kila asubuhi alimkalisha kitini, na kila alipogeuka alimkuta sakafuni juu ya mto wa kukalia, miguu kaikunja kama wakaavyo mabibi wa kwao Hispania, anabandua ngozi ya kidole gumba.

"Inuka, binti mfalme! Mama mkwe kaapa, akikukuta chini tena, yaya wako anarudishwa kwenu!"

"Kitini miguu yangu inaning'inia."

"Na ining'inie! Umeolewa na mwana wa Kaisari, hukuolewa na sakafu!"

Mlango ukafunguliwa. Bibi arusi akarukia kiti, akanyoosha shingo, akatabasamu meno yote nje.

Mama mkwe akamtazama, akaridhika. "Vizuri, mwanangu. Maadamu umeshazoea, yaya wa nini tena? Kesho anaondoka."