Macho Darini, Jikoni kwa Mama Mkwe

Nakumbuka asubuhi moja pale Igowole, ukungu umekaa hadi mlangoni, ndoo iko kichwani, na mimi nasimama bombani kusema maneno ambayo hadi leo sijaweza kuyarudisha. Kaa hapa, mwanangu, nikusimulie. Ninyi siku hizi mtu akiona kivuli anarekodi sauti, anaitupa kwenye kundi la simu, na chai haijachemka wilaya nzima wanajua. Sisi tulikuwa na bomba tu, lakini kazi lilifanya ile ile.

Nilikuwa nimeolewa, mwaka haujaisha. Mama mkwe akafariki, tukamzika, na kwa desturi ya ukoo ule jiko la marehemu likafungwa. Si kwa kufuli. Fito moja tu iliwekwa mlangoni, na hakuna wa kuingia mpaka arobaini ifike. Jiko lenyewe lilikuwa kibanda cha udongo ua wa nyuma, na juu ya mafiga kuna dari la miti, mahali pa kukaushia mahindi ya mbegu kwa moshi. Moto ulikuwa umezimwa. Nilipikia barazani kwa mkaa, na sikupenda kukipa mgongo kile kibanda.

Wiki ya pili nikaanza kusikia vitu. Kitu kinatembea darini, hatua chache, kinasimama. Punje mbili tatu za mahindi zinadondoka. Mume wangu alikuwa kwenye mashine ya mbao, harudi mpaka Jumamosi, na nilipomweleza akacheka, akasema ni panya. Panya gani huyo, ukisimama na yeye anasimama? Nikachungulia kwenye ufa wa ukuta, nikaona jivu limebonyea pale pale mama mkwe alipozoea kukaa, kana kwamba kuna mtu ametoka kuinuka. Kesho yake nikachungulia tena, na safari hii nikakuta nachunguliwa. Macho mawili darini, hayapepesi, na hakuna sauti yoyote. Nilikimbia nikaacha kandambili zangu pale.

Halafu ndiyo ikaja asubuhi ile ya ukungu. Nilimwona Mama Atupele anatoka ndani ya jiko. Huyu alikuwa jirani yetu, mjane, mtu wa Tukuyu aliyeolewa pale, na rafiki mkubwa wa marehemu. Alirudisha fito mahali pake, akapita nyuma ya uzio na bakuli mkononi. Hakunisalimu. Pengine hakuniona.

Leo nasema pengine. Siku ile sikusema pengine. Nilikwenda moja kwa moja bombani, nikawaambia wanawake waliokuwa kwenye foleni kwamba Mama Atupele ametoka kwa marehemu na bakuli, na humo ndani kuna kitu anakilisha. Neno uchawi sikulitamka mimi. Niliwaachia walitamke wao, na nikajiona nina akili. Kufika mchana watoto wakakatazwa kupita kwake. Jioni jiwe likatua kwenye bati lake. Mzee wa ukoo akasema siku ya arobaini jiko litafunguliwa mbele ya watu wote, na kitakachokutwa humo, Mama Atupele atakijibia.

Kesho yake akaja kwangu mwenyewe, mchana kweupe. Mwiko ukanidondoka. Habari za bombani hakuzigusa. Alinishika mkono, akasogeza fito, tukaingia. Mlikuwa na baridi na harufu ya masizi. Akaniambia niketi chini na nisitazame juu. Akaweka dagaa watatu kwenye jivu, akaketi naye. Tulikaa mpaka miguu ikafa ganzi, na humo ndani nikasikia pumzi ya tatu, si yangu wala yake. Nikashika kanga ya Mama Atupele. Ndipo kitu kikashuka.

Alikuwa mtoto wa paka shume, mifupa mitupu, sikio moja limechanika. Mama yake aliuawa na mbwa. Marehemu ndiye aliyeanza kumlisha, na alipozidiwa kitandani akamwomba rafiki yake asimwache afe njaa. Ndiyo siri yote ya lile bakuli. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ningesema, mngeingia na fimbo," akanijibu. "Huyu anaogopa kuliko wewe. Ukimkamata kwa nguvu, utakuwa umeshika ngozi tu. Kaa chini, mwanangu, umwache aje mwenyewe."

Basi nikawa nakwenda kila siku, saa ile ile, na kanga ile ile ili azoee harufu. Nilijifunza kusema kwa sauti ya chini, kutomkodolea macho, kuyafumba na kuyafumbua polepole, ishara ya amani kwa paka. Kila siku dagaa nawasogeza karibu yangu kidogo. Siku moja nikawa na haraka, nikamdaka. Alinichana mkono, akapanda darini, siku tatu hakushuka. Nikaanza upya. Mwishowe akalamba uji kwenye kidole changu, akapanda mapajani, akaanza kukoroma. Ila kitu kimoja sijakielewa mpaka leo. Akishiba, aligeukia pale jivu lilipobonyea, akafumba macho polepole, akafumbua, vile vile alivyokuwa akinijibu mimi. Na pale hapakuwa na mtu.

Sasa nikuambie aibu yangu. Siku zote hizo nilijua natakiwa kurudi bombani nikatengue maneno yangu. Sikwenda. Niliona haya, nikajidanganya kwamba arobaini ikifika watu watajionea wenyewe. Na kweli ikafika. Watu walijaa uani na fimbo zao, fito ikaondolewa, nikaingia, nikatoka na paka ndani ya kanga, nikasema huyu ndiye aliyekuwa akilishwa. Wengine wakacheka, wengine wakainamisha vichwa. Tukaenda kwa Mama Atupele kumwomba radhi. Tukakuta kufuli. Usiku uliopita mawe yalikuwa yametoboa bati lake, na alfajiri mwanawe akaja na gari kumchukua, akampeleka Makongolosi anakochimba dhahabu.

Baada ya mavuno nilimfuata huko. Alinipikia, akaniuliza hali ya paka, akafurahi kusikia amenenepa. Nikapiga magoti nikamsihi arudi nyumbani.

"Nilishakusamehe," akasema. "Lakini pale sirudi. Hata huku nikilala, bado nasikia bati." Hakurudi, na alipofariki alizikwa huko huko.

Ndiyo maana nakuambia, mwanangu. Ukiona jambo usilolielewa, usikimbilie kulisema kwa watu. Kaa nalo, kamuulize mwenyewe kwanza, hata kama unaogopa. Na ukishakosea, rudi siku ile ile, pale pale uliposemea, mbele ya wale wale, useme nilikosea. Usingoje ukweli ujitokeze kwa siku yake. Mimi niliungoja, ukatokea, na mwenye kuuhitaji alikuwa ameshaondoka.

Mungu akupe mdomo mzito, na miguu myepesi ya kwenda kuomba radhi. Akulinde uingiapo na utokapo, na jirani zako walale usingizi kwa sababu yako.