Shavu la Kushoto

Kazi yangu ya kwanza baada ya kumaliza chuo ilikuwa kuchora jezi. Sikuisomea. Nilisomea biashara, nikapata shahada ambayo mama aliitundika sebuleni kwetu Bordesley Green, Birmingham, na kila nikirudi kutoka kwenye usaili nilipita pembeni nisitazamane nayo. Baada ya miezi minane ya barua za "tunasikitika kukujulisha", nikakubali kibarua katika karakana moja ndogo iliyokuwa ikichapa jezi za timu za mitaani. Tulikuwa wawili: bosi, mzaliwa wa Birmingham, mtu mpole aliyekunywa chai kutwa, na mimi kwenye kompyuta.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili. Vijana wengi wa mji ule walikuwa wamechora mikononi michirizi myeusi iliyojikunjakunja, wakiiita ya kikabila, na ukimuuliza mtu ni ya kabila gani anacheka. Kwa hiyo sikushangaa siku alipoingia kapteni wa timu moja ya raga kutoka Hodge Hill, fundi bomba mwenye shingo pana kama paja langu, akasema wanataka jezi ya kikabila.

"Kitu cha kutisha," alisema. "Wapinzani wakituona tu, tumeshashinda."

Bosi akamfungulia michoro aliyokuwa nayo, ile iliyochukuliwa mtandaoni, ya watu wa visiwa vya mbali ambao hakuna mmoja kati yetu aliyewajua. Kapteni akatikisa kichwa. Hiyo kila timu ilikuwa nayo.

Bosi akanigeukia. "Kwenu Afrika hakuna michoro?"

Aliuliza bila ubaya wowote. Swali la namna hiyo kwa kawaida lilinichukua wiki nzima, nikilipangia majibu kwenye basi, bafuni, hadi kitandani. Siku ile sikupanga kitu. Nilichukua penseli, nikachora shavu la bibi yangu.

Bibi, mzaa mama, alikuwa Mmakonde wa Newala, na uso wake ulikuwa na chale. Tulipoishi Dar es Salaam nilipelekwa kwake kila likizo ya Desemba, mpaka nilipotimiza miaka kumi na moja na tukahamia Uingereza. Newala iko juu, kuna baridi ambayo watu wa Dar hawaiamini, na baada ya chakula cha mchana tulijilaza mkekani chini ya blanketi moja. Bibi alilala ubavu, kiganja chini ya shavu, na mimi nilipitisha kidole kwenye chale zake. Zilikuwa zimeinuka kidogo, laini kuliko ngozi iliyozizunguka. Mistari ilishuka, ikakutana kwenye kona, ikapanda tena, ikaanza mingine chini yake.

"Umefika wapi?" aliniuliza macho yakiwa yamefumba.

"Nimepotea, bibi."

"Basi rudi mwanzo. Nani amekwambia uharakishe?"

Alifariki nikiwa mwaka wa mwisho chuoni. Mama alinificha msiba majuma matatu, mpaka nilipotoka kwenye mtihani wa mwisho, kama wazazi wengi wa kwetu wanavyofanya, na aliponiambia, matanga yalikuwa yameanuliwa zamani. Sikulia na mtu. Nyumbani hapakuwa na picha yake hata moja, kwa sababu hakupenda kupigwa picha. Nilichobaki nacho ni kile kidole.

Kwa hiyo mkono ulichora wenyewe. Nilipomaliza upande mmoja nikauingiza kwenye kompyuta, nikaunakili, nikaugeuza kama kwenye kioo ili upate upande wa pili, na mashavu mawili yakakutana katikati ya kifua cha jezi. Kapteni alisimama nyuma ya kiti changu. Nilimsikia akivuta pumzi.

"Hiyo hapo," alisema. "Hiyo hiyo. Ina maana gani?"

Sikujua. Miaka yote ile ya kufuata mistari kwa kidole sikuwahi kuuliza. Nilimtazama usoni, nikaona jibu analolitaka, nikampa.

"Ushujaa," nilisema. "Ushujaa wa vita."

Jezi zikachapwa. Nilijisikia vizuri kwa siku tatu hivi, na sitasema uongo, nilijivunia. Nilikuwa na mfano mmoja mezani pangu, na kila bosi alipotoka nilipitisha kidole juu ya ile rangi, ingawa haikuwa imeinuka, na kitambaa kilikuwa na harufu ya plastiki.

Jumatano ya wiki iliyofuata kapteni alikuja kuchukua mzigo wake. Alikuwa na furaha. Yeye na wenzake wanne walikuwa wameshakubaliana na mchora tatuu mmoja huko Kings Heath, wachorwe mchoro ule begani, Jumamosi ile ile.

"Jezi unaivua," aliniambia, akinigonga mgongoni. "Hii haivuliki. Tunakufa nayo, unaona? Ushujaa."

Nikacheka. Nilicheka kabisa, kwa sauti. Halafu nikaenda chooni nikakaa juu ya kifuniko.

Nguo niliweza kujidanganya kwamba ni nguo tu. Lakini wanaume watano wangeutia uongo wangu kwenye ngozi, na uongo ule ulikuwa na umbo la uso wa bibi. Jioni ile nilimwandikia kapteni barua pepe. Ya kwanza ilikuwa ndefu mno, ilianzia historia ya Wamakonde ambayo nusu yake niliitafuta hapo hapo mtandaoni. Ya pili ilikuwa fupi mno, ikasomeka kama tishio la wakili. Ya tatu niliomba radhi mara sita, nikahesabu, nikaifuta. Tatizo lilikuwa moja: angeuliza tena ile ina maana gani, nami nisingekuwa na la kumwambia. Aliyekuwa na jibu alikuwa mama, jikoni.

Alhamisi nikachukua ile jezi ya mfano, nikaenda nayo nyumbani. Mama alikuwa ametoka kazini. Alikuwa akifua mashuka hospitalini, na kila akirudi alikaa jikoni na koti lake mwilini mpaka chai iishe. Nilimwamkia, nikaikunjua jezi mezani.

Aliitazama. Akaweka kikombe chini.

"Nani amekupa hii?"

"Nimechora mimi."

"Kwa ajili ya nini?"

"Timu ya raga, mama. Ya Hodge Hill."

"Uso wa mama yangu umeufanya nguo ya kugombania mpira kwenye matope?"

Nilianza kueleza, nikiruka kutoka kazini kwenda kwa bosi kwenda kwenye tatuu. Alininyamazisha kwa kiganja. Nilidhani atalia, au atanifokea, na nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili. Badala yake aliivuta jezi karibu, akainamisha kichwa, akaweka mkono juu ya nusu moja, kisha juu ya nusu ya pili, kama mtu anayelinganisha viatu.

"Hapa umekosea," alisema. "Upande huu siyo yeye."

"Upande upi?"

"Wa kulia. Mama hakuwa na hizi upande wa kulia."

Nilimwambia haiwezekani, nilikuwa nikizifuata kila siku.

"Alikuwa akilalia shavu gani?"

Ndipo nikaelewa. Bibi alilalia shavu la kulia. Kila siku, likizo zote, shavu la kulia lilikuwa chini kwenye kiganja chake, na mimi sikuwahi kuona haja ya kulitazama.

Mama akanisimulia, akiwa bado na koti. Chale hazikuchanjwa siku moja. Fundi alianza shavu la kushoto, akachanja, akapaka mkaa uliosagwa na mafuta ya nyonyo, binti akaachwa apone, kisha fundi akarudi kuzichanja tena ili zikae. Bibi alikuwa msichana aliyevunja ungo karibuni. Alikaa kimya mwanzo hadi mwisho, jambo lililosifiwa na wanawake wote waliokuwapo. Shavu la kulia lilipoanzwa tu, kukiwa na mistari michache, mama yake bibi akafariki. Msibani hakuchanjwa mtu. Baada ya msiba, aliyekuwa na hamu ya kumwona mwanawe amekamilika hakuwapo tena, na bibi alipoulizwa kama anataka kumaliziwa alikataa. Alisema paachwe hapo hapo mama yake alipopaacha.

"Kwa hiyo maana yake ni nini?" niliuliza. Hata wakati ule nilikuwa nikifikiria Jumamosi.

"Maana? Ilikuwa sura yake. Ukimwona unamjua ni mtoto wa watu gani, na nani alimpenda." Akaikunja kona ya jezi. "Nami nilimwambia aifunike."

Hilo sikuwa nimewahi kulisikia. Akasema bibi alipokuja kututembelea Dar, majirani walikuwa wakiwacheka Wamakonde, watoto wakiwafuata nyuma wakiwaigiza. Mama alikuwa ndiyo kwanza ameajiriwa ofisini. Siku wenzake wa kazini walipokuja kumtembelea, alimwomba bibi ajitande kanga mpaka usawa wa macho. Bibi alijitanda. Alikaa hivyo mchana mzima, akiwakaribisha wageni chai, na kesho yake akaomba apelekwe stendi arudi Newala.

"Leo Wazungu wanataka kujichora uso ule ule niliouonea haya," alisema. "Sijui nimkasirikie nani. Wewe na shahada yako nisaidie."

Nikamwomba anichoree ule upande wa kulia. Nilimpa penseli na karatasi. Alichora mstari mmoja, akasita, akachora mwingine, akaufuta. Alisema ilikuwa mitatu. Baadaye akasema minne. Chai ilipoa, na mwishowe akaisukuma karatasi kando.

"Sikumtazama," alisema. "Na mimi sikumtazama vizuri."

Ijumaa asubuhi nilimpigia kapteni nikamwomba apite karakanani. Nilikuwa nimeandika hotuba nyuma ya bahasha. Alipoingia, na suruali yake ya kazi na vumbi la saruji kwenye nyusi, bahasha sikuiona tena.

"Nilikudanganya," nilisema. "Siyo ushujaa. Ni uso wa bibi yangu."

Bosi akageuka kwenye kiti. Kapteni akatabasamu, akingoja mzaha uishe, halafu tabasamu likapungua lenyewe.

"Uso? Yaani alikuwa na hii usoni?"

"Upande wa kushoto. Alikatwa kwa kisu akiwa msichana. Upande wa kulia nimebuni mimi na kompyuta."

"Sasa kwa nini ulisema vita?"

"Ulitaka vita."

Alikaa kwenye ukingo wa meza, meza ikalia. Nilingoja anitukane. Akakunja mkono wa shati, akanionyesha chini ya kiwiko herufi za wino uliofifia: jina la mwanamke.

"Nani huyu, unafikiri?" aliuliza. "Bibi yangu. Ndiye aliyenilea. Mtu angeliweka jina hili kwenye jezi, ningemvunja taya." Akashusha mkono wa shati. "Ungeniambia tu, bwana. Ungesema ni bibi, basi."

Alisema Jumamosi hawatachora, atawaambia wenzake. Jezi ni jambo jingine: zimeshachapwa, mechi ni Jumapili, na bosi naye alikuwa akitazama sakafu, akaniambia kwa upole kwamba mchoro niliufanya saa za kazi, kwa hiyo si wangu tena peke yangu. Alikuwa sahihi. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba hakuna aliyeniibia.

Kapteni aliposhika kitasa cha mlango aligeuka. "Msimu ujao tutachapa nyingine. Tuutengeneze basi ule upande wa kulia, uwe kama alivyokuwa. Hiyo ndiyo heshima, si ndiyo?"

Nadhani alikuwa akinipa kitu, na kwa mtu kama mimi, anayeogopa kumkatalia hata mhudumu wa duka, jibu rahisi lilikuwa ndiyo. Nikasema hapana. Nikasema shavu lile halitoki nyumbani. Sikumwambia kwamba nyumbani kwenyewe hatukuwa nalo, lilikuwa limebaki mistari mitatu au minne kwenye karatasi iliyofutwafutwa.

Jumapili nilikwenda uwanjani. Mama nilimwambia, akasema hawezi, akabaki akikunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Kulikuwa na manyunyu, watazamaji hatukufika ishirini, mbwa akiwamo. Wanaume kumi na tano wakatoka wakikimbia na uso wa bibi vifuani, wakajipanga, wakaanza kugongana. Dakika kumi za mwanzo nilikuwa na hasira, juu yao na juu yangu mwenyewe. Baada ya hapo matope yaliwafunika, mistari ikaanza kupotea, upande wangu wa uongo pamoja na ule wa kweli.

Nilitarajia kufurahi. Badala yake nilijikuta nikitembea kando ya mstari wa pembeni, nikiwafuata walikokwenda, nikitafuta mmoja ambaye bado hajachafuka. Alikuwapo kijana mmoja wa pembeni kabisa ambaye mpira haukumfikia, jezi yake safi, na kila alipopita karibu nilitamani asimame. Nilikuwa nikilitazama shavu la kushoto tu. Macho yangu yalifika kona ya tatu ya mistari, akakimbia tena, na mimi nikangoja arudi.