Mguu wa Mama na Damu ya Majirani

Mimi si mtu wa subira, na kazi ya labo haikunisaidia kuipata. Miaka mingi nimechoma vidole vya watu wa Rumonge, mji wetu wa kando ya ziwa, nikitafuta malaria, na kila aliyechelewa kuja humsomea methali ileile: mficha maradhi, kifo humuumbua. Wengine hucheka. Mama yangu hakuwahi kucheka, maana yeye mwenyewe aliuficha mguu wake chini ya kitenge mpaka vidole viwili vikawa vyeusi.

Alikuwa mkamuaji wa mawese tangu ujana, mtu wa kusimama kutwa nzima kando ya pipa la chikichi zinazochemka. Daktari alituambia mishipa ya mguu imeziba, damu haifiki chini. Akamwandikia aspirini, robo ya kidonge kila asubuhi ili damu isizidi kugandamana, akasema tusubiri. Nilimuuliza tusubiri nini. Jibu nilikuwa nalo mwenyewe: msumeno.

Kwa hiyo profesa mmoja alipokuja kutoka Bujumbura na mashine yake ya kupimia damu, niliamini haraka mno. Alileta dawa mpya ya kutundikwa kama serumu, iingie mshipani tone kwa tone, iliyotengenezwa kuiga prostaglandini, kemikali ambayo kuta za mishipa yetu hujitengenezea zenyewe. Kazi yake ni kuzituliza chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazokimbilia jeraha na kushikana ili kuliziba. Aliyekatwa na kisu, kushikana huko ndiko kunakomwokoa. Katika mguu wa mama ndiko kulikokuwa kukimmaliza. Lakini kabla ya kumpa mgonjwa, ilibidi dawa ijaribiwe kwa watu wenye afya waliokubali kwa hiari yao, ionekane inazituliza chembe hizo kiasi gani na kwa muda gani. Alichagua Rumonge kwa sababu tunakula samaki karibu kila siku, naye alitaka kujua kama hilo linabadilisha chochote. Mashine aliibeba kwa sababu damu ya kipimo hicho haivumilii safari. Ikicheleweshwa saa chache tu imeharibika.

"Tukimaliza muzuri na bazima," aliniambia, "bagonjwa ndio batafuata. Mama yako nitamuweka ku listi ya kwanza."

Nilimwambia mama siku hiyohiyo. Afadhali ningefunga mdomo.

Kutafuta watu kumi na wawili ilikuwa kazi yangu, yaani ikawa kazi ya mama, kwa kuwa mimi watu wananiogopa na yeye wanampenda. Alikaa uani kwenye mkeka, mguu juu ya mto, akawaita mmojammoja: wakamuaji wenzake wa zamani, akina mama wanaoanika ndagala, dagaa wetu, bwana mmoja anayeleta mihogo kwa baiskeli kutoka Minago. Walikubali kwa ajili yake. Mimi nilisimama mlangoni na karatasi za profesa mkononi, kurasa kadhaa za Kifaransa, na ndani yake orodha ndefu ya dawa ambazo mtu asiwe amezigusa kwa wiki mbili. Nilikuwa nimechoka na maharage yalikuwa yanaungua jikoni. Nikazifupisha kurasa zote kwa maneno machache: "Profesa anataka watu wazima. Mwenye kuumwa popote asikuje."

Hayo ndiyo niliyosema. Nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko sala zangu.

Siku ya kwanza walikuja wanne, wameoga, wamevaa nguo za sikukuu. Nikawauliza swali la kwenye karatasi: umemeza dawa yoyote? Wote wakasema hapana, upesi, kama wanafunzi waliokwisha kupewa jibu. Nikaweka alama. Nikachukua damu kwenye vichupa vya kifuniko cha buluu, nikaizungusha polepole kwenye kizungushio cha labo mpaka ile nyekundu ikakaa chini na juu yakabaki maji ya manjano yenye ukungu. Ukungu huo ndio chembe sahani zenyewe. Mashine hupitisha mwanga ndani yake. Ukidondoshea tone la kuziamsha, chembe hushikana, maji hung'aa, na mstari kwenye skrini hupanda. Kwa mtu mwenye afya ambaye hajapewa chochote, mstari lazima upande. Ndipo anatundikiwa dawa, na mstari wa pili unaonyesha dawa imefanya nini.

Mstari haukupanda. Ulitikisika kidogo, ukalala. Wa mtu wa pili hivyohivyo, wa tatu, na wa nne.

"Madamu, hii damu uliweka mu frigo?" profesa akauliza.

Nilimjibu kwamba sikuzaliwa jana, najua baridi huziharibu chembe hizo. Siku ya pili, wengine wanne walipokuja, alisimama nyuma ya bega langu akitazama kila nilichogusa, na mistari ikalala tena. Akasema mbele ya wenzangu kwamba mikono iliyozoea malaria haifai kwa kazi ya namna hii. Hapo hasira ikanipanda. Nikafunga mpira mkononi mwangu, nikajichoma mwenyewe, nikaizungusha damu yangu na kuitia kwenye mashine yake bila kuomba ruhusa. Mstari ukapanda mpaka juu.

Nilifurahi, lakini furaha yenyewe haikudumu hata dakika moja. Kama mashine ilikuwa nzima, na mikono yangu haikuwa na kosa, basi kasoro ilikuwa ndani ya watu.

Nikatoka nje. Jirani yetu mmoja, mama wa ndagala, alikuwa bado kwenye benchi akingoja chakula cha mchana alichoahidiwa. Nikamuuliza amemeza nini. Akatazama miguu yake.

"Dada, usikasirike. Mama yako alitupatia kinini moya moya, ile yake ya muguu. Alisema tukikuja na maumivu batatukatala. Mugongo yangu inaniuma kila siku, unajua. Nikameza, nikakuwa muzima."

"Na kwa nini ulisema hapana?"

"Juu ya mama. Tuliogopa tukisema ndiyo, atakosa dawa."

Kinini kwetu ni kidonge chochote, na cha mguu kilikuwa kimoja tu. Nilirudi nyumbani nusu nikikimbia. Kopo la aspirini lilikuwa dirishani, tupu. Vidonge ambavyo yeye alipaswa kumeza robo robo kwa zaidi ya mwezi, aliwagawia majirani vizima vizima, yeye akabaki bila. Na kidonge kimoja kinatosha kuharibu kipimo. Chembe sahani zilizoguswa na aspirini haziponi tena; ni kungoja mpaka zife hizo na kuzaliwa nyingine, siku kama kumi. Mama alikuwa amelala, mdomo wazi. Sikumwamsha.

Profesa sikumficha. Alisikiliza, akavua miwani, akasema kwa sauti ya chini, "Pole, madamu." Kungoja siku kumi hakukuwezekana. Vichupa vyake vya lile tone la kuamsha chembe vilikwisha kufunguliwa na visingekaa, na esansi ya gari ya kwenda na kurudi hakuwa nayo, maana nchi nzima ilikuwa ikipanga foleni na vidumu. Dawa ikaondoka ikiwa kwenye barafu yake bila kumgusa mtu hata mmoja. Nilimwandikia ujumbe baadaye, akajibu kwamba mradi unaangaliwa upya. Niliandika tena, hakujibu.

Mguu wa mama ulikatwa Bujumbura, juu ya goti. Nilimwambia kwamba mashine ya profesa iliharibika. Ni uongo rahisi, hapa hakuna asiyejua kwamba mashine huharibika. Majirani nao wakanyamaza, na wala sikuwaomba.

Sasa mguu wa pili umeanza kuwa baridi. Nausikia kila asubuhi ninapomwogesha, nami naendelea kusugua kana kwamba sijasikia kitu. Wiki iliyopita nilikuwa nakusanya nguo za kufua, nikakuta fundo kwenye pindo la kitenge chake. Ndani mlikuwa na robo za aspirini, nyingine zimekwisha kuwa unga. Kila asubuhi nilimpa, kila asubuhi nilidhani amemeza.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni ya bale batu. Profesa akirudi, safari hii bakuwe tayari mapema."

Nikatwaa robo moja, nikamwekea kiganjani, nikamshikisha kikombe cha maji.

"Meza wewe."

"Na bo, bale batu?"

"Bo bako bazima, mama. Balikuwa bazima tangu mwanzo. Ni hii kinini ndiyo..."

Nilikuwa nimechelewa kujizuia. Mama si mjinga. Mtu aliyekamua mawese maisha yake yote anajua jinsi maji kidogo yanavyoharibu pipa zima. Alikigeuza kile kipande kiganjani mwake.

"Basi ni mimi," akasema.

Ningeweza kumweleza habari ya zile kurasa za Kifaransa, na ya maharage yaliyokuwa yanaungua, na nani hasa aliyezifupisha. Nilitaka. Ulimi wangu huu, ambao haujawahi kukosa neno la kumwambia mtu yeyote wa Rumonge, siku hiyo ulikwama. Mama akameza, akanirudishia kikombe, akaniomba nimgeuze alale akitazama ukutani.