Kadi Nyuma ya Spika

Malipo ya kahawa yalipoanza kupitia benki, mama yangu alikuwa mjane aishiye Mkumbi pamoja na mke wa kaka yangu. Kaka mwenyewe alifanya kazi ziwani. Mama hakuweza kutumia mashine ya benki, wifi yangu aliweza. Kwa hiyo walikwenda Mbinga mjini pamoja, mama akiwa ameshika kadi, wifi akiwa ameshika namba ya siri kichwani. Kadi ilikuwa ya aina ya zamani, isiyo na chipu, yenye utepe mweusi tu mgongoni. Mama aliamini kwamba fedha zake zimo ndani ya utepe huo, na kwamba mkono wa mtu mwingine ukiugusa mno huzipunguza.

Ndipo siku moja mashine ilipoikataa kadi. Nilipowasili likizo, wifi alikuwa akila chakula chake jikoni, peke yake.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Mwizi amekwisha kukupikia?”

“Mama!”

“Ameufyonza utepe wote. Kaka yako akija, amrudishe kwao Namswea.”

Nilimwuliza kadi ilikuwa inakaa wapi. Alitazama mlango kwanza, kisha akaninong’oneza. Zamani aliiweka ndani ya Biblia; lakini Biblia hufunguliwa na kila mtu. Baada ya mavuno alifungua redio kubwa ya marehemu baba, akaibana nyuma ya spika. “Huko hafiki mtu,” alisema.

Nyuma ya spika pana sumaku.

Nilimweleza polepole. Utepe umejaa chembe ndogo mno za madini, kila moja sumaku kwa kiasi chake. Mashine ya kuandikia huzilaza kwa mafungu, fungu hili likielekea huku, lile kule. Mashine ya kusomea huhisi pale mwelekeo unapogeuka, na kutokana na mageuko hayo hupata jina, namba ya akaunti na tarehe ya mwisho wa matumizi. Fedha hazimo. Sumaku kubwa ikikaribia, mafungu yote huvurugika.

“Maneno ya darasani,” alisema mama. “Nawe amekwisha kukununua?”

Niliomba vumbi la chuma kwa fundi wa kuchomelea, nikalichekecha kwa kitambaa chepesi, nikalinyunyizia kadi yangu ya aina ileile, kisha nikaigonga kidogo. Vumbi lilibaki katika mistari myembamba iliyosimama sambamba, mingine ikibanana, mingine ikiachana. Nikafanya vivyo hivyo kwa kadi ya mama. Hapakuwa na mstari hata mmoja. Palikuwa na doa tu.

Mama alizigeuza kadi zote mbili juani. “Na kama wewe ndiye uliyeifuta jana?”

Tulikwenda benki sisi watatu. Mhudumu alithibitisha kwamba hakuna kilichopungua, na baadaye ikatolewa kadi mpya. Siku tuliyoichukua, pale pale mlangoni pa benki, mama alimnyoshea wifi ile kadi.

“Haya, mkamwana, nitunzie wewe.”

“Hapana, mama. Nitakusindikiza kila utakapotaka, lakini kadi sitaigusa.”

Wifi hakurudishwa Namswea. Kadi mama huivaa shingoni, katika kifuko cha kitambaa, na mpaka leo wifi hajaigusa.