Sauti ya mwanamume mmoja katika rekodi za nyumba kumi na moja

Kikohozi kilisikika katika sekunde ya tisa.

Mwanamke alikuwa akijitambulisha: jina lake, kijiji chake. Alipofika mahali pa kumtaja mzee anayemtunza, akanyamaza. Mwanamume akakohoa, akalitaja jina yeye. Mwanamke akaendelea kana kwamba hakuna lililotokea.

Nikafungua rekodi ya nyumba nyingine. Kikohozi kilekile. Sauti ileile.

Wakuu, nawasalimu. Haya yalinipata mimi mwenyewe. Nilichobadilisha ni majina tu.

Nasoma shahada ya uzamili. Tasnifu yangu inahusu mashirika yasiyo ya faida yanavyohamia kwenye mifumo ya kidijitali. Shirika moja la kuhudumia wazee wasiojiweza, lenye ofisi Kitale, liliniruhusu kukagua data zake za upande wa Bungoma.

Zamani walitumia daftari na alama ya kidole gumba. Siku hizi anayemtunza mzee hurekodi sauti kila mwezi kwenye tableti ya mhudumu wa kijiji. Ni lazima amtaje mzee kwa majina kamili, ndipo aeleze alichopokea. Lengo ni kuwaondoa wazee hewa.

Nilisikiliza kwa siku tatu nikiwa na earphone. Sauti hiyo ilikuwa katika nyumba kumi na moja, zote za mhudumu mmoja wa Myanga. Nitamwita Wafula.

Niliandika ripoti. Sentensi moja naikumbuka neno kwa neno: "Kuna uwezekano mkubwa kwamba walezi hawa hawapo."

Meneja akazitia nyumba hizo alama nyekundu. Mfumo ukazikatia nepi za watu wazima na dawa za vidonda siku hiyohiyo.

Nakiri kwamba nilifurahi. Nilikuwa nimepata sura nzima ya tasnifu.

Wiki mbili baadaye nilikwenda Myanga kuthibitisha, bila kumwarifu mtu. Sikuwa nimemaliza kuuliza njia pale sokoni, Wafula akatokea na baiskeli yake. Nani alimwambia? Alitabasamu mno. Niliyaandika yote mawili.

Akanipeleka nyumba ya kwanza. Kabla sijasalimia, alimnong'oneza mama mwenye nyumba jambo. Nikaliandika hilo pia.

Mama huyo, Nafula, alikuwepo. Mtu kamili, mikono ina povu la sabuni. Kamba nzima ilikuwa imejaa mashuka. Mzee, baba wa mume wake, alikuwa amelala ndani karibu na dirisha.

Nikajiambia: huenda amekodiwa.

Nikamtoa Wafula hadi barabarani, nikarudi kwa Nafula na kuwasha tableti.

"Taja jina la mzee."

Akatazama chini. "Madam, hiyo sehemu si uruke tu?"

"Hulijui?"

"Nalijua. Lakini huyo ni baba mkwe wangu, na kwetu mke halitaji jina la mkwe. Ati nimtaje hapa, na dirisha liko wazi? Nitampelekea uji na uso gani?"

"Sasa kwenye rekodi..."

"Wafula ndiye hutusaidia. Yeye si mkwe wa hapa."

Kutoka dirishani mzee akauliza kwa sauti: "Kwani huyo msichana wa Kitale hana wakwe?"

"Bado hajaolewa, mzee!" Wafula akajibu kutoka barabarani.

"Ndiyo maana, bana."

Nafula akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mume wangu humwosha asubuhi kabla ya kwenda shambani. Tangu nepi zikatike, mashuka nafua mara mbili kwa siku. Vile vidonda vya mgongo wake vimeanza kufunguka tena. Tulikosea wapi, madam?"

 

Nilifungua laptop palepale kwenye ngazi ya nyumba. Data zilikuwa na safu ya uhusiano wa mlezi na mzee. Nilikuwa nimeificha kwa sababu ilijaza skrini. Nyumba zote kumi na moja: mke wa mtoto. Pale ambapo mlezi ni binti au mke wa mzee, Wafula hasikiki kabisa.

Wakuu, funzo langu ni hili: nilimshuku kila mtu isipokuwa swali lenyewe. Nilipima sekunde za kikohozi, nikasahau kuuliza yule mama ni nani kwa yule mzee. Aliyeunda mfumo hakuuliza. Mimi nami sikuuliza, na mimi ndiye niliyeandika ripoti.

Waliofanya kazi na mashirika haya, hasa mlioolewa huku kwetu magharibi, nisahihisheni kwa uwazi. Je, mngeliandikaje swali hilo?

Lakini jambo moja bado linanikosesha raha, nalo lilitoka katika simu niliyompigia meneja nikiwa bado kwa Nafula.

Nilimweleza yote.

"Mimi ni mtu wa Webuye," akasema. "Mama yangu hajawahi kulitaja jina la babu, baba mkwe wake, mpaka leo."

"Kwa hiyo uliposoma ripoti yangu ulijua?"

"Nilishuku. Lakini wewe ndiye msomi, na ilikuwa na majedwali."

Nikamwomba afungue orodha na kuondoa alama nyekundu, moja baada ya nyingine, zote kumi na moja.

"Nitafanya kesho asubuhi."

"Hapana. Fanya sasa," nikamwambia. "Sikati simu."